Wi-Fi kupitia kuta nene

Wi-Fi kupitia kuta nene ni suala la kufikisha mtandao wa nyumbani usiotumia waya hadi kwenye vifaa vilivyo nje ya nyumba, kama vile kamera za ulinzi, mota ya geti, kengele ya mlangoni, swichi ya pampu au kipimo cha maji ndani ya tenki, pale ambapo ukuta wa mawe, matofali au zege unasimama kati ya kifaa na kipanga njia (ruta). Tatizo hili linajulikana sana katika nyumba za mawe za zamani, zikiwemo zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, lakini huzikumba pia nyumba mpya za matofali ya saruji zenye nguzo na mikanda ya zege yenye nondo.

Jambo la kwanza ambalo wenye nyumba wengi hufanya ni kununua ruta yenye nguvu zaidi. Mara nyingi hilo halisaidii, kwa sababu mawasiliano ya Wi-Fi ni ya pande mbili: ruta ikipiga kelele zaidi, kamera ya getini itaisikia vizuri, lakini sauti ya kamera yenyewe itabaki ndogo kama ilivyokuwa. Njia inayotegemewa zaidi ni kuuvuka ukuta kwa waya na kurusha mawimbi upande wa pili.

Jinsi ukuta unavyozuia mawimbi

Wi-Fi hutumia mawimbi ya redio. Kiwango chake cha kwanza, IEEE 802.11, kilitolewa mwaka 1997, na jina Wi-Fi lilianza kutumika mwaka 1999. Masafa yanayotumika zaidi ni 2.4 GHz na 5 GHz; katika baadhi ya nchi masafa ya 6 GHz yameongezwa. Wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa takriban sentimita 12, na lile la 5 GHz lina sentimita 5 hadi 6. Kwa vitu vingi vya ujenzi, masafa ya chini hupenya vizuri kuliko ya juu. Ndiyo maana simu iliyo uani huweza kupoteza mtandao wa 5 GHz huku ikiendelea kuona ule wa 2.4 GHz kutoka kwenye ruta ileile.

Wimbi likifika ukutani, sehemu yake huakisiwa na kurudi, sehemu humezwa na ukuta na kugeuka joto kidogo sana, na kinachobaki hupita. Mbao kavu, jasi na kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa. Tofali na zege hupitisha kidogo zaidi, na kadiri unene unavyoongezeka ndivyo kinachopita kinavyopungua. Chuma huakisi karibu yote. Kwa sababu hiyo kifaa kilichowekwa juu ya paa la mabati hakiisikii vizuri ruta iliyo chini yake, hata kama umbali kati yao ni mita 4 tu. Wavu wa chuma wa kuzuia mbu, wenye matundu ya milimita moja au mbili, huzuia mawimbi sana kuliko nondo za dirisha zilizoachana sentimita 10 au zaidi, ingawa kwa macho nondo ndizo zinazoonekana kuwa kizuizi.

Maji nayo humeza mawimbi haya vizuri. Tenki lililojaa ni ukuta wa aina yake: kipimo cha maji kilichofungwa nyuma ya tenki huweza kupoteza mtandao kila tenki linapojaa na kuupata tena linapopungua, jambo ambalo fundi huhangaika nalo siku kadhaa kabla ya kugundua sababu. Hali hiyo ya maji ndiyo inayofanya ukuta mkavu na ukuta uliolowa usiwe kitu kimoja kwa mawimbi.

Hesabu ya desibeli

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm, yaani desibeli zikilinganishwa na miliwati 1. Nguvu ikipungua desibeli 3 hubaki nusu. Ikipungua 10 hubaki sehemu moja ya kumi. Ikipungua 20 hubaki sehemu moja ya mia. Kwa kuwa namba zenyewe ni hasi, −60 dBm ni nguvu kubwa kuliko −80 dBm.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kazi ya ukuta. Ruta inayorusha miliwati 100, ambacho ndicho kikomo cha masafa ya 2.4 GHz katika nchi za Ulaya, inaanza na 20 dBm. Katika hewa tupu, umbali wa mita 20 hupunguza takriban desibeli 66, hivyo kifaa hupokea −46 dBm, ambayo ni nguvu nzuri sana. Umbali ukiongezeka mara mbili hadi mita 40, zinapotea desibeli 6 tu za ziada. Lakini ukuta mmoja unaomeza desibeli 15 huishusha nguvu ile ya −46 hadi −61, na kuta mbili za namna hiyo huishusha hadi −76. Kwa maneno mengine, ukuta mmoja mzito hugharimu zaidi kuliko kuongeza umbali mara nne katika uwanja ulio wazi. Umbali unaoandikwa kwenye boksi la kifaa kwa kawaida ni wa uwanja wa namna hiyo, na hausemi chochote kuhusu nyumba yenye kuta za mawe.

Kwa makadirio ya kawaida, kamera inayotuma video huhitaji −67 dBm au zaidi ili ifanye kazi bila kukatika. Kifaa kinachotuma namba chache tu kila baada ya dakika kadhaa, kama kipimo cha tenki, huweza kuridhika na −75. Chini ya −80 kifaa huunganika na kukatika bila mpangilio.

Sasa hesabu hiyohiyo igeuzwe. Kamera ndogo mara nyingi hurusha kwa nguvu pungufu kuliko ruta, tuseme 15 dBm. Kupitia kuta zilezile mbili, ruta itaipokea kamera kwa −81. Hapo simu ya mwenye nyumba, ikisimamishwa palepale penye kamera, itaonyesha mistari miwili au mitatu ya mtandao, kwa sababu mistari hiyo hupima kile ambacho simu inasikia na si kile ambacho ruta inasikia. Kamera itaendelea kuonekana kuwa haipo hewani, na lawama zitaenda kwa mtengenezaji wa kamera au kwa kampuni ya intaneti. Simu zaidi hupokea, kamera zaidi hutuma. Kuipima sehemu ya kamera kwa simu peke yake ni kupima upande usiohusika.

Tofauti nyingine hutokana na antena. Kuongeza nguvu ya kurusha kwenye ruta husaidia upande mmoja tu, lakini antena bora, au antena iliyohamishiwa mahali pazuri, husaidia pande zote mbili, kwa kuwa antena inayorusha vizuri kuelekea upande fulani husikia vizuri pia kutoka upande huohuo.

Nyumba za mawe za pwani

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Nyumba zao zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na kupigwa lipu ya chokaa. Unene wa kuta mara nyingi hufikia nusu mita. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba ni vyembamba na virefu, kwa kawaida vikiwa na upana wa mita 3 hivi. Mpangilio huo una maana kubwa kwa Wi-Fi: njia ya mita 12 kutoka chumba cha mbele hadi nyuma ya nyumba huweza kukata kuta tatu au nne, na kila moja ni nene kuliko ukuta wa nje wa nyumba nyingi za kisasa.

Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, na chokaa hufyonza unyevu kutoka ardhini na hewani. Chumvi iliyomo huongeza tabia hiyo. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ukuta unaweza kulowa kwa wiki nyingi. Kifaa kilichofungwa Januari na kupata mtandao wa kubahatisha huweza kunyamaza Aprili bila kitu chochote kuguswa. Mafundi wenye uzoefu huacha ziada ya desibeli 10 hivi juu ya kiwango kinachohitajika wanapopima wakati wa kiangazi.

Hata hivyo nyumba hizi zina njia zake. Ua wa ndani ulio wazi juu hupitisha mawimbi kutoka ghorofa moja hadi nyingine bila kukata ukuta hata mmoja, hivyo ruta iliyowekwa kwenye ukumbi unaotazama ua huhudumia vyumba vingi kuliko iliyo katika chumba cha barabarani. Madirisha ya mbao na milango, hata ile mizito ya kuchongwa, hupitisha mawimbi kuliko jiwe lililo pembeni yake. Vidaka vilivyochongwa ndani ya ukuta hupunguza unene wake mahali hapo. Ruta ikiwekwa ndani ya kidaka itarusha vizuri zaidi kuelekea upande wa nyuma wa ukuta huo, ila itazibwa kwa vyumba vya pembeni.

Kutoboa ukuta wa nyumba ya urithi si jambo la kufanya ovyo. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi, na kebo zinazoning'inia usoni mwa majengo ya kale zinaharibu sura ya mji. Mara nyingi tundu jipya halihitajiki, kwa kuwa bomba la zamani la umeme, pengo la fremu ya dirisha au tundu la boriti linatosha kupitisha kebo moja. Tundu likilazimika kutobolewa huzibwa kwa chokaa, si kwa saruji, kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa na lipu ya pembeni huanza kumenyuka.

Kupima kabla ya kununua

Programu nyingi za bure za simu huonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm badala ya mistari. Kipimo huchukuliwa pale hasa kifaa kitakapofungwa, kwa urefu uleule, milango ikiwa imefungwa kama inavyofungwa usiku. Kosa linalorudiwa sana ni kupima mchana mlango wa nyuma ukiwa wazi. Mawimbi hupita mlangoni, namba inapendeza, na usiku mlango wa chuma ukifungwa kamera inapotea, saa ileile ambayo ililetwa kufanya kazi.

Baada ya kifaa kuunganishwa, kipimo cha maana zaidi ni kile kinachoonekana kwenye ukurasa wa ruta, ambapo ruta nyingi huorodhesha kila kifaa na nguvu ambayo ruta inakipokea. Hiyo ndiyo namba ya upande dhaifu.

Vifaa vingi vya bei nafuu hutumia masafa ya 2.4 GHz peke yake. Ruta inayotumia jina moja kwa masafa yote huweza kuvichanganya wakati wa kuviunganisha mara ya kwanza, hasa simu ikiwa kwenye 5 GHz. Kulipa jina tofauti lile la 2.4 GHz huondoa usumbufu huo. Chaneli za 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Chaneli za 12 na 13 huruhusiwa katika nchi nyingi lakini hazitumiki kwa kawaida Marekani, hivyo kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani na kuletwa na ndugu huenda isiuone kabisa mtandao ulio kwenye chaneli hizo.

Kuuvuka ukuta kwa waya

Kebo ya mtandao aina ya Cat5e au Cat6 hubeba data hadi mita 100 bila kujali ukuta. Upande wa nje hufungwa kituo cha kurushia Wi-Fi kilichotengenezwa kwa matumizi ya nje, na vifaa vyote vya uani huunganika nacho vikiwa vinakiona bila kizuizi. Kwa teknolojia ya PoE, iliyowekewa kiwango mwaka 2003, kebo hiyohiyo hubeba na umeme; kiwango cha kwanza kiliruhusu wati 15.4 kutoka kwenye swichi, zinazotosha kituo cha kawaida au kamera. Hivyo hakuna haja ya soketi ya umeme nje. Kamera inayokubali kebo haihitaji Wi-Fi kabisa, na kwa geti hiyo ndiyo chaguo bora ikiwa mtaro wa kupitishia kebo unaweza kuchimbwa.

Tundu la milimita 8 hivi hutosha ikiwa kebo inapitishwa kabla ya kubanwa vichwa vyake. Hutobolewa kwa kuinamia upande wa nje ili mvua isiingie, na kebo huachwa ininginie kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda, ili maji yadondokee hapo. Kebo ya nje huwa na gamba jeusi linalovumilia jua. Ile ya kijivu ya ndani hupasuka baada ya muda. Madukani kuna kebo nyingi ambazo waya wake ni alumini iliyopakwa shaba. Ni rahisi kwa bei, lakini hukatika kirahisi na hupata joto zikibebeshwa umeme wa PoE, kwa hiyo kwa kazi hii huepukwa.

Pasipowezekana kupitisha waya, dirisha huchukua nafasi yake. Kituo kikiwekwa kizingitini, nyuma ya kioo cha kawaida, hupoteza desibeli chache tu. Vioo vyenye utando wa metali wa kuzuia joto ni habari nyingine. Huakisi mawimbi karibu kama chuma.

Ripita na vituo vya meshi hufanya kazi vikiwekwa mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri, si mahali yalipokwisha. Kifaa cha meshi kilichowekwa nyuma ya ukuta mnene kitarusha mistari kamili kwa simu iliyo karibu, huku chenyewe kikipokea mabaki kutoka kwa ruta. Ripita yenye redio moja hupunguza kasi kwa takriban nusu, kwani kila pakiti hutumwa mara mbili kwenye chaneli ileile. Seti za meshi zinazokubali kuunganishwa kwa kebo hazina tatizo hilo. Adapta zinazopitisha data kwenye nyaya za umeme wa nyumba ni chaguo jingine, lakini matokeo yake hayatabiriki pale nyumba inapotumia umeme wa fezi tatu au nyaya zilizochakaa.

Kwa geti au banda lililo mbali, tuseme mita 80 hadi mita mia kadhaa, hutumika jozi ya antena za mwelekeo mmoja za 5 GHz. Zote mbili hufungwa nje na kutazamana. Miti ikiota kati yake, kiungo hudhoofika mwaka hadi mwaka.

Umeme, radi na chumvi

Kamera ya sola huendelea kuwaka umeme ukikatika, lakini haina wa kuongea naye ikiwa ruta imezimika. Betri ndogo ya akiba ya volti 12 huweza kuwasha ruta na kifaa cha faiba kwa saa kadhaa, na hugharimu kidogo kuliko kamera ya pili.

Kebo ya shaba inayotoka nje ya nyumba hukaribisha radi. Haihitaji kupigwa moja kwa moja. Radi iliyopiga karibu huzalisha umeme ndani ya kebo ndefu na kuunguza swichi, ruta na kila kilichounganishwa nayo. Hatari hiyo ni kubwa katika ukanda wa Ziwa Viktoria, ambao ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Vizuizi vya mshtuko hufungwa kwenye kebo na kuunganishwa na waya wa ardhini. Bila waya huo havina kazi. Kati ya majengo mawili, faiba ni salama zaidi kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

Pwani, adui wa kila siku ni chumvi. Alama ya IP65 au IP66 huonyesha kwamba kifaa kinazuia vumbi na maji ya kurushwa, lakini haisemi lolote kuhusu kutu. Vichwa vya kebo vilivyoachwa wazi huota ukungu wa kijani, na kwa hiyo hufungwa ndani ya boksi lenye mpira.

Masafa ya chini

Masafa yaliyo chini ya 1 GHz hupenya kuta vizuri zaidi. Kiwango cha IEEE 802.11ah, kinachouzwa kwa jina la HaLow, kilitengenezwa kwa ajili ya vifaa vidogo vya namna hii, lakini huhitaji ruta na vifaa vya aina yake. LoRa hutuma data kidogo sana kwa umbali mrefu, hivyo hufaa kwa kipimo cha tenki au udongo wa bustani na haifai kwa video. Kamera zenye laini ya simu hukwepa ukuta kabisa kwa gharama ya bando la kila mwezi.

Usalama

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kutumia nenosiri la kiwandani ambalo wenyewe hawakulibadilisha, kisha ikazitumia kushambulia huduma kubwa za intaneti. Kubadilisha nenosiri na kusasisha programu ya kifaa ni hatua za kwanza. Mtandao hulindwa kwa WPA2 au WPA3; vifaa vya zamani havikubali WPA3 pekee. Vifaa vya nje huwekwa katika mtandao wa wageni ili visifikie kompyuta za nyumbani.

Kamera ya getini huweza kunasa barabara na mlango wa jirani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kebo yenyewe pia ni mlango. Mtu anayeweza kuifikia kamera ya nje anaweza kuichomoa na kuchomeka kompyuta yake mahali pake, akiwa tayari ndani ya mtandao wa nyumba. Kamera hufungwa juu pasipofikiwa kwa mkono, kebo hupitishwa ndani ya bomba, na swichi zenye uwezo huo hupangwa ili tundu linalohudumia kamera likubali kifaa hicho kimoja tu.